Tiketi Mbili ni Mikataba Miwili: Kwa Mwanafunzi Anayebadilisha Ndege Njiani



Kila mwaka madrasa yetu huwaaga vijana wanaokwenda kusoma nje, wengine Madina, wengine Cairo, wengine Kuala Lumpur au Istanbul. Katika kuwaandaa, sisi walimu wenu tumezoea kuhimiza vyeti, lugha na adabu za msafiri. Ama tiketi, hiyo tumekuwa tukiwaachia wazee na mawakala, kana kwamba ni karatasi tu ya kuonyesha mlangoni. Mwaka 2019 tuliyaona matokeo ya uzembe huo, na aliyeumia zaidi hakuwa mwalimu bali mwanafunzi wetu. Kwa hiyo katika makala hii tutaeleza jambo moja: safari ya kimataifa iliyokatiwa tiketi mbili mbalimbali, na ule muda wa kungoja uwanjani baina ya ndege ya kwanza na ya pili.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mtu wa Unguja mwenye ndege itokayo Dar es Salaam saa tisa alasiri hukata tiketi ya boti ya asubuhi. Boti huchukua kama saa mbili. Ikitokea siku hiyo upepo wa kusi ni mkali na boti isiondoke kwa wakati, je, mwenye boti atamlipa nauli ya ndege iliyomwacha? Hakuna anayelitarajia hilo. Mwenye boti alikubali kumfikisha Dar es Salaam, basi. Mwenye ndege naye alikubali kumchukua abiria aliyefika kaunta kabla haijafungwa. Yaliyo katikati, kuanzia bandarini hadi uwanja wa ndege, hakuna aliyeyaahidi.

Ndege mbili zenye tiketi mbalimbali ni vivyo hivyo. Kinachotudanganya ni sura yake tu: zote ni ndege, zinatua uwanja mmoja, na pengine wakala amezichapa kwenye karatasi moja. Msafiri hudhani kuwa zinajuana, kumbe hazijuani.

Wale mliofika mlango wa ijara katika fiqhi mtalielewa hili upesi. Tiketi ni mkataba wa kukodi: shirika limekubali kukuchukua kutoka mahali fulani hadi mahali fulani kwa ujira maalumu. Ikiwa tiketi moja inasema Zanzibar hadi Kuala Lumpur kupitia mji fulani, mkataba unaishia Kuala Lumpur, na ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wao kukutafutia nyingine ya kukufikisha. Ikiwa ni tiketi mbili, mkataba wa kwanza umeishia pale katikati. Shirika la kwanza likikushusha hapo, hata kwa kuchelewa, halikuahidi lolote kuhusu ndege ya pili. Shirika la pili halijui umetoka wapi wala kwa nini hukuonekana. Pengo lililo baina yao ni mali yako peke yako, pamoja na hasara yake.

Sasa utajuaje kama tiketi yako ni moja au ni mbili? Usitazame majina ya mashirika. Mashirika mawili huweza kuwa ndani ya tiketi moja yakiwa na makubaliano, kama Emirates na flydubai walivyo na ushirikiano tangu 2017. Na shirika lile lile moja huweza kukupa tiketi mbili, kama ulikata kipande kimoja leo na kingine wiki ijayo. Tazama nambari ya tiketi. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates, 235 ni Turkish, 706 ni Kenya Airways. Ukikuta safari yote, kwenda hadi mwisho wake, imeandikwa chini ya nambari moja, hiyo ni tiketi moja. Ukikuta nambari ya shirika moja kwa kipande cha kwanza na ya shirika lingine kwa kipande cha pili, una mikataba miwili, hata kama ulilipa pesa zote kwa mtu mmoja kwa siku moja. Tiketi zile za karatasi zenye kurasa nyekundu za kaboni mashirika yaliziacha mwaka 2008, kwa hiyo unachoshika mkononi ni nakala tu ya kilichomo kwenye kompyuta, na wakala anaweza kuipanga nakala hiyo apendavyo. Muulize waziwazi: ndege hizi zimo katika tiketi moja? Na begi langu litabandikwa stika ya kufika wapi?

Hatukumuuliza mtu maswali hayo mwaka 2019. Mwanafunzi wetu alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja Malaysia. Sisi wenyewe tuliketi naye kwenye kompyuta tukatafuta nauli, tukaona kuwa tukikata vipande viwili, kimoja hadi mji mmoja wa Ghuba na kingine kutoka hapo hadi Kuala Lumpur, tunaokoa dola 130. Pesa zilikuwa za mchango wa wazazi na majirani, na kuziokoa tuliona ni katika kuitunza amana. Baina ya ndege mbili palikuwa na saa tatu na nusu. Tukasema zinatosha.

Ndege ya kwanza ilichelewa kuondoka kwa zaidi ya saa mbili. Aliposhuka, begi lake lilikuwa likizunguka kwenye mkanda wa mizigo upande wa pili wa uhamiaji, naye hakuwa na viza ya kuingia nchi ile. Kaunta ya abiria wanaopita walimwambia begi si lao. Alipofika kwa shirika la pili aliambiwa kuwa wameshafunga. Akaiona ndege yake kwenye ubao ikiandikwa kuwa imeondoka.

Alikaa mle ndani siku mbili, akilala kwenye viti, huku simu ikimwishia chaji na sisi huku tukipita tena nyumba kwa nyumba. Tiketi mpya ilikuwa dola 520. Jambo jingine ambalo hatukulijua ni kwamba asiyeonekana kwenye kipande cha kwanza cha tiketi hufutiwa na vipande vinavyofuata, kwa hiyo tiketi yake ya kurudi nayo ilipotea. Begi lilimfikia baada ya wiki tatu. Yeye mwenyewe hajatulaumu hata siku moja, na pengine ndiyo sababu jambo hili halijatutoka moyoni.

Tukilitazama sasa, makosa yalikuwa manne, nayo ni viza, begi, jengo na muda.

La viza ndilo linalowapata wengi, na hulikuta Zanzibar au Mombasa kabla hata hawajapanda. Karani wa kaunta hutazama tiketi yake, si safari yako. Shirika likimpeleka mtu asiyeruhusiwa kuingia nchi fulani, hulazimika kumrudisha kwa gharama zake, na mara nyingi hutozwa faini juu yake. Kwa hiyo karani hufungua kwenye kompyuta mfumo uitwao Timatic, unaoonyesha kila nchi inataka nini kwa kila paspoti, kisha anaingiza mahali tiketi yake inapoishia. Tiketi ikiishia Dubai, kwake wewe ni mgeni wa Dubai, hata ukimwambia mara kumi kuwa unakwenda Malaysia. Mwenye paspoti ya Tanzania au ya Kenya anahitaji viza ya Umoja wa Falme za Kiarabu kabla ya kusafiri. Ipo viza ya kupita, ya saa 48 na ya saa 96, ambayo huombwa mapema kupitia mashirika ya ndege ya nchi ile. Haiombwi ukiwa umeshafika dirishani.

Wapo wanaopita bila viza, wenye begi la mkononi tu na kadi ya kupandia ndege ya pili tayari mkononi, ambao hawatoki nje ya eneo la abiria wanaopita. Yategemea pia kama karani wa kwanza atakubali. Ukikusudia kupita kwa njia hiyo, chapa tiketi ya pili na viza ya unakokwenda uviweke pamoja na paspoti. Na sharti za viza hubadilika, hivyo uliza shirika lenyewe au ubalozi katika mwezi ule ule wa safari. Usitegemee habari za mtu aliyepita huko mwaka juzi.

Hapa tuongeze habari ya kadi ya manjano ya chanjo. Nchi nyingi haziulizi tu umetoka wapi bali pia umepita wapi: aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye homa ya manjano huhesabiwa kama ametoka huko. Ethiopia na Kenya ni miongoni mwa nchi hizo. Ukijipa muda mrefu wa kungoja Addis Ababa au Nairobi, chukua kadi. Tangu 2016 chanjo hiyo ukidungwa mara moja inahesabiwa ya maisha yako yote, kwa hiyo kadi ya zamani bado ni nzuri, mradi usiipoteze.

Ama begi, dawa yake ni kuisoma ile stika ndefu kabla begi halijaingia kwenye mkanda. Ina herufi tatu kubwa za mahali litakaposhushwa. ZNZ ni Zanzibar, DAR ni Dar es Salaam, MBA ni Mombasa, DXB ni Dubai, ADD ni Addis Ababa, DOH ni Doha, CAI ni Cairo, JED ni Jeddah, MED ni Madina, KUL ni Kuala Lumpur. Ikiwa unakwenda Kuala Lumpur na stika inasema DXB, basi begi lako linashuka Dubai, na wewe utalazimika kupita uhamiaji kulichukua, kutoka nje, kupanda tena ghorofa ya kuondokea na kulipima upya. Baadhi ya mashirika yakiombwa hukubali kulipitisha hadi mwisho hata kwa tiketi mbili. Mengi siku hizi hukataa. Muombe karani kwa adabu, lakini maneno ya mdomo usiyahesabu mpaka uone herufi zenyewe.

Na mzani wa pili huenda usiwe kama wa kwanza. Shirika moja laruhusu kilo 30, jingine kilo 20, nalo la pili halijali umeruhusiwa nini na la kwanza. Pima kwa ruhusa iliyo ndogo. Kadhalika vitu vya majimaji: asali au manukato uliyonunua kwenye maduka ya ndani ya uwanja, ukitoka nje na kuingia tena utakaguliwa upya, na kila kinachozidi mililita 100 kwenye mkoba wa mkononi kitabaki kwa wakaguzi. Kitie kwenye begi kubwa ukiwa bado huko nje.

Jengo. Neno "uwanja mmoja" lina udanganyifu wake. Uwanja wa Dubai una majengo matatu ya abiria, na jengo la pili liko upande mwingine wa njia za kurukia, mbali na mengine mawili. Isitoshe, mji huo una uwanja mwingine, Al Maktoum, na jirani yake Sharjah ina wake. Istanbul ina viwanja viwili: kimoja upande wa Ulaya, kingine kiitwacho Sabiha Gökçen upande wa Asia, na baina yao ni zaidi ya kilomita 60 na foleni za mji mzima. Kuala Lumpur ina majengo mawili ambayo huendewa kwa treni. Wala tusiende mbali: anayeruka kutoka Unguja hadi Dar es Salaam kwa ndege ya ndani hushukia jengo la kwanza au la pili, ilhali ndege za nje tangu 2019 huondokea jengo la tatu. Itabidi atoke na begi lake atafute gari. Basi katika tiketi zote mbili soma herufi tatu za uwanja na nambari ya jengo, uone kama zinalingana.

Tumefika kwenye muda, na hapa tunaomba mtuvumilie, kwani Mswahili ana mtihani wake mwenyewe. Tiketi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ikiandikwa 06:30, kwetu ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. 15:00 ni saa tisa alasiri. 01:40 ni saa saba na dakika arobaini usiku. Hili wengi mnalijua. Linalokamata watu ni tarehe. Ndege nyingi za kuelekea Ghuba na Asia huondoka baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema Ijumaa tarehe 10, saa 00:50, ni lini utakwenda uwanjani? Ni Alhamisi tarehe 9 baada ya Isha. Anayengoja Ijumaa jioni atakuta ndege yake imeondoka tangu usiku uliopita.

Ajabu ni kwamba hesabu ya wazee wetu ingemwokoa. Katika hesabu ya Kiislamu usiku hutangulia mchana wake, na kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi magharibi. Ndege ya 00:50 ni ya usiku wa Ijumaa kwelikweli, kwa maana ya babu zetu. Ni sisi tuliochanganya hesabu mbili, tukasema "Ijumaa usiku" na kupotea. Andika kwenye karatasi: "usiku wa kuamkia tarehe 10", umwonyeshe na atakayekupeleka.

Kupiga hesabu ya muda wa kungoja ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika, kwa hiyo saa ya kufika Dubai na saa ya kuondoka Dubai ni za Dubai zote mbili. Toa moja katika nyingine, usiingize saa za nyumbani. Ukifika 23:15 tarehe 9 na kuondoka 03:40 tarehe 10, una saa nne na dakika 25. Saa ya mkononi ibadilishe mara unaposhuka: Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, Kuala Lumpur kwa tano, Istanbul na Makka tuko sawa. Cairo iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa baridi na sawa nasi wakati wa joto, kwani Misri ilirudisha desturi ya kusogeza saa mwaka 2023. Addis Ababa tuko sawa, lakini jihadhari: Waethiopia nao huhesabu saa kama sisi, kuanzia asubuhi, ilhali ubao wa uwanjani huhesabu kama tiketi. Ukimuuliza mtu, hakikisha amekujibu kwa hesabu ipi.

Muda upi unatosha? Katika tiketi moja hilo ni jukumu la shirika, na hata saa moja na nusu huweza kutosha. Katika tiketi mbili msitazame ndege ya pili inaondoka lini. Tazameni kaunta yake inafungwa lini, na mara nyingi ni saa moja kabla ya kuondoka. Ukiwa na saa tatu na nusu kama mwanafunzi wetu, una mbili na nusu tu. Ondoa nusu saa ya kushuka na kutembea, saa moja ya uhamiaji, dakika arobaini za begi. Kilichobaki ni dakika ishirini, nazo ni kabla ndege ya kwanza haijachelewa hata kidogo. Kwa rai yetu, mwenye begi la kuchukua asipange chini ya saa sita. Na kama shirika la kwanza lina ndege moja tu kwa siku, hata saa sita hazikulindi na ndege iliyofutwa, kwani inayofuata ni ya kesho. Hapo bora kulala usiku mmoja, hasa ikiwa tiketi ya pili ni ya mabara ya mbali na bei yake ni kubwa. Hesabu gharama ya kulala na ya viza kabla hujasema kuwa umeokoa. Sisi tungezihesabu, zile dola 130 zisingebaki.

Yakikupata licha ya hayo, jambo la kwanza ni kuwasiliana na shirika la pili kabla ndege yao haijaondoka. Kabla ya kuondoka, tiketi nyingi hubadilishwa kwa kulipa tofauti. Baada ya kuondoka wewe ni abiria asiyeonekana, na mlango huo hufungwa. Kwa hiyo nambari yao ya simu iwe kwenye karatasi, si kwenye simu iliyoisha chaji. Ikiwa ndege ya kwanza imekawia ukiwa bado Zanzibar, piga kutoka huko huko, usingoje kufika. Omba shirika la kwanza likuandikie kuwa limechelewa. Tiketi ikipotea kabisa, ulizia kodi za uwanja, maana baadhi yake huweza kurudishwa. Begi likipotea, toa taarifa kabla ya kutoka uwanjani, na ujue kuwa Mkataba wa Montreal wa 1999 umeweka siku 7 za kudai kwa maandishi begi lililoharibika, na siku 21 tangu ulipokabidhiwa begi lililochelewa.

Masuala ya kukusanya na kupunguza sala mmeyasoma darasani. Tutaongeza la kiutendaji tu: viwanja vingi vikubwa siku hizi havitangazi kila ndege kwa kipaza sauti. Ukijinyoosha kwenye chumba cha sala baada ya kutoa salamu, hakuna atakayekuita. Tega saa ya kukuamsha.

Mwaka huu wanaondoka wawili. Mmoja ana tiketi moja hadi Cairo kupitia Addis Ababa, nambari moja tangu mwanzo hadi mwisho. Wa pili mzee wake alikwishamkatia mbili kupitia Dubai, na baina yake palikuwa na saa nne. Tulikaa na mzee huyo baada ya Alasiri tukamsomea karatasi zake mstari kwa mstari. Ndege ya pili imesogezwa hadi siku ya pili yake kwa kulipa dola 60, viza ya saa 96 imeshaombwa, na begi tumelipima kwa mzani wa dukani likawa kilo 19. Nakala za tiketi zote mbili zimo kwenye bahasha ofisini. Wanafunzi wa darasa la juu waje wazisome, na atakayeona tarehe au jengo lisilolingana atuambie kabla ya usiku wa safari.